Nilikwenda Kumwita Kliniki, Nikaitwa Mkwe

Wiki iliyopita niliishia mlangoni kwa Mama Dobi, mkono wangu umeshikwa barabara, naye anapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mkwe wangu amefika!"

Kwa aliyekosa gazeti, nieleze kwa ufupi. Mimi ni muuguzi mpya katika kliniki ya serikali. Chumba chetu ni cha mwisho kwenye ukumbi mrefu, kile ambacho watu hukiingia wakitazama nyuma. Tunatibu magonjwa ya zinaa. Mgonjwa akitibiwa, kazi yangu ni kumtafuta mpenzi wake na kumwita naye atibiwe. Kazi hiyo ingemfaa mtu mwenye mdomo. Nikapewa mimi, ambaye nikiitwa kwa sauti kubwa naomba radhi kabla sijajua kosa langu.

Mjamzito mmoja, msusi wa nywele, alipimwa damu akakutwa na kaswende. Alishachomwa sindano ya kwanza kati ya tatu. Mtoto aliye tumboni angesalimika, mradi mama amalize dawa na baba yake naye atibiwe. Huyo baba ni Mchora Mabango. Waligombana, akarudi kwa mama yake, na sasa kila jioni anampigia msusi simu akiomba kurudi.

"Moyo wangu mlaini, dada," msusi aliniambia. "Akigonga nitamfungulia. Na akija hajatibiwa nitaupata upya. Mwambieni nyinyi. Nikimwambia mimi tutaanza kuulizana nani kampa nani, na tukigombana mara hii haturudiani tena. Halafu habari ya mimba asiisikie kwa mtu. Hiyo ni yangu."

Nikamwahidi.

Sheria za kliniki yetu ni chache na hazichezewi. Huvai sare. Huachi ujumbe kwa mtu. Husemi umetoka wapi. Unaongea na mwenyewe tu, peke yake, na aliyekutajia jina lake humtaji hata akulilie. Nilizishika sheria hizo kwa mikono miwili, na ndizo zilizoniponza. Msichana mgeni anakuja mara ya tatu kumuulizia kijana wa watu. Hasemi anatoka wapi, hasemi ana shida gani, akiulizwa anatazama vidole vya miguu yake. Wewe ungefikiri nini?

Basi Mama Dobi alifikiri hivyo hivyo. (Wahusika wote wameniruhusu kusimulia, ila majina yao yabaki kwangu.)

Akanivuta ndani. Sebule yote ilikuwa mashati. Mashati kwenye viti, mashati mezani, mashati yamening'inizwa dirishani kama watu wanaochungulia. Palinukia wanga na pasi ya moto. Akahamisha rundo moja, akanikalisha.

"Kaa hapo, mwanangu. Hayo mengine ni ya wenyewe, usiyaegemee."

"Mama, mimi siyo..."

"Siyo nini?"

Nikakwama. Nikisema siyo mchumba, ataniuliza basi ni nani. Nikisema ni nani, ataniuliza natoka wapi.

"Siyo mzoefu wa kukaa kwenye viti vikubwa," nikasema.

"Masikini wa Mungu! Haya gani hizi!" Akaketi mbele yangu, magoti yake yakagusa yangu. "Haya, niambie. Mmejuana wapi?"

"Bado hatujajuana vizuri, mama."

"Anakupenda?"

"Sijui."

"Na wewe? Unampenda?"

Nilitafuta jibu ambalo si uongo. Nikalipata moja tu.

"Mimi... namtakia afya njema."

Mama Dobi akapiga makofi. "Sikilizeni maneno ya mtoto wa watu! Wenzake wanataka nguo, wanataka simu, huyu anamtakia mwanangu afya!"

Akaenda kuweka maji ya chai jikoni huku anaimba. Nikaupima mlango kwa macho. Ningeweza kukimbia. Lakini nikamkumbuka msusi akiwa amefunika tumbo lake kwa aproni pana, nikakaa.

Kabla chai haijaiva, mlango ukafunguliwa. Akaingia kijana mrefu mwenye rangi ya bluu sikioni na nyekundu kwenye nyusi, amebeba ndoo ya brashi. Akaniona, akasimama.

"Wewe!" mama yake akamrukia kutoka jikoni. "Mbona ulimficha? Mtoto kaja mara tatu, hakukuti! Ni adabu hiyo?"

Nikafumba macho. Nikasubiri aseme, huyu simjui.

"Umefika!" akasema.

Nikafumbua.

"Mama, si nilikuambia?" akaendelea, anatabasamu meno yote nje. "Msomi, mpole, mwenye haya. Nilikudanganya?"

"Hukudanganya, baba. Hata ulipunguza."

Mimi niliyekuja kutoa habari, sasa ndiye niliyekuwa sielewi kitu.

Mama Dobi akatusukuma uani. "Nendeni mkaongee. Mimi sisikilizi. Mashine yangu yenyewe inapiga kelele."

Uani palikuwa pamejaa mashuka yaliyoanikwa, safu kwa safu. Tukasimama katikati yake. Tabasamu la Mchora Mabango likadondoka pale pale.

"Dada yangu, nisamehe. Sikujui hata kidogo. Mama ananitafutia binti wa jirani, hanipi nafasi ya kupumua. Nikamdanganya nina mchumba. Nikasema ni msomi, mpole, haongei. Nilisema haongei ili asimtafute kumsalimia. Mara narudi nyumbani nakuta mtu wa namna hiyo hiyo amekaa kwenye kiti! Nilidhani nimekuumba." Akajikuna sikio la bluu. "Haya, shida yako nini? Ni bango? Rangi imebanduka?"

Maneno niliyokuwa nikijifunza mbele ya kioo yakanitoka yote mara moja, bila kituo.

"Natoka kliniki kuna mtu aliyekuwa karibu nawe amekutwa na ugonjwa wa zinaa unatibika inawezekana na wewe unao nimekuja kukuomba uje upimwe."

Alicheka. Alicheka sana, akashika kamba ya nguo.

"Mimi? Hebu nitazame. Ngazi naibeba peke yangu."

"Ugonjwa huu hauzuii mtu kubeba ngazi."

"Siumwi popote."

"Hukuwahi kupata kidonda? Kidogo, hakiumi, kikapona chenyewe?"

Upepo ukapeperusha shuka likapita katikati yetu. Liliporudi mahali pake, hakuwa anacheka tena.

"Hakikupona chenyewe," akasema polepole. "Nilinunua vidonge kwa mtu mmoja sokoni."

"Kingepona hata ungekula karanga, kaka yangu. Kidonda kinaondoka, ugonjwa unabaki. Unakaa kimya hata miaka, halafu unaanza kula moyo au ubongo. Na kabla hujatibiwa unaweza kumpa umpendaye na hata mtoto wake akiwa tumboni."

Nilijishangaa. Nilikuwa nimesema maneno yote hayo bila kuomba radhi.

Akageuza beseni, akakaa juu yake.

"Nani kanitaja?"

"Sitakuambia."

"Ni yule... ni yeye, si ndiyo?"

"Sitakuambia. Na siku mtu akiniuliza habari zako, na wewe sitakutaja. Atakayelia atalia."

Akainua kichwa. "Sasa naona kwa nini nilisema haongei," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Matibabu ni nini?"

"Sindano."

"Ya mkononi?"

"Ya takoni. Mbili, kila upande moja."

Mchora Mabango akaweka kichwa kati ya magoti. "Dada, mimi naning'inia ghorofa ya tano kwa kamba napaka herufi kubwa kuliko wewe. Siogopi. Lakini sindano... Shuleni walipokuja kuchanja nilipita dirishani."

"Haichukui muda."

"Basi iwe kesho asubuhi. Kesho tu. Nikiachwa hapa wiki nzima nalifikiria jambo hili, nitahama mji. Najijua."

Kesho. Kesho ndiyo ilikuwa siku ya sindano ya pili ya msusi. Lakini msusi huja mchana, akishamaliza wateja wake. Nikapiga hesabu: huyu asubuhi, yule mchana, hawataonana. Nikasema sawa, kesho.

Tulipotoka kwenye mashuka Mama Dobi alikuwa amesimama karibu sana kwa mtu asiyesikiliza.

"Mama," kijana akasema haraka, "kesho tunakwenda kupima afya. Kabla ya mambo ya ndoa."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilitoa majirani watatu nje.

"Ndiyo adabu hiyo! Ndiyo usomi huo! Na mimi nakuja."

"Mama!"

"Nimekuzaa au sikukuzaa?"



* * *

Asubuhi tukaingia kliniki watatu. Mama Dobi mbele, amevaa nguo yake ya sherehe iliyopigwa pasi mpaka inakata. Mwanawe katikati kama mtu aliyekamatwa. Mimi nyuma.

Sista Kengele, mkuu wetu wa chumba, alituona kutoka mbali. Anaitwa hivyo kwa sababu ya sauti yake. Akanivuta kwenye chumba cha dawa, akafunga mlango.

"Yule ndiye mwenyewe?"

"Ndiye, Sista."

"Na yule mama anayesema kwenye ukumbi mzima kwamba wewe ni mkwewe?"

Nikamweleza. Nilivyokuwa naeleza, mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Binti, nilikutuma umlete. Sikukutuma uolewe naye."

"Sista, sikuwa na njia nyingine. Kila neno la kweli lilikuwa siri ya mtu."

Akafuta machozi ya kicheko kwa kiganja. "Haya. Umemleta, hilo ndilo kubwa. Mwache na mimi. Wewe nenda benchini ukatoe somo, leo zamu yako."

Nilikuwa nimesahau. Somo la asubuhi! Wiki ya kwanza nilipolitoa, waliokuwa nami mwanzo wa hadithi hii wanakumbuka, niliangusha ule mfano wa mti tunaofundishia kuvaa kondomu, ukabingirika mpaka miguuni kwa mlinzi. Na sasa benchi la mbele, mikono imefungwa mapajani, amekaa mkwe wangu.

Nikavaa koti jeupe. Nikasimama. Nikaanza.

"Habari za asubuhi. Leo tutazungumzia..."

"Paza sauti, mkwe!" akasema Mama Dobi. "Kule nyuma hawasikii!" Kisha akamgeukia jirani yake. "Kumbe anafanya kazi hapa hapa. Hakuniambia. Mtoto hana majivuno huyu!"

Benchi zima likacheka. Nami, sijui kwa nini, nikacheka pia. Na nilipocheka, sauti ikatoka.

Nikawaambia kondomu hutazamwa tarehe kwanza. Hufunguliwa kwa vidole, si kwa meno. Huvalishwa hivi, unabana ncha hapa, unashusha mpaka chini. Mara hii mti haukuanguka.

Mama Dobi akanyoosha mkono.

"Swali, mwalimu. Ikishatumika?"

"Inafungwa fundo, inatupwa. Mara moja tu, mama."

"Haifuliwi?"

"Haifuliwi."

"Basi haina faida yoyote kwa dobi. Lakini endelea."

Watu walishika mbavu. Kijana mmoja aliyekuwa amejifunika kofia mpaka puani akaivua kabisa, akauliza swali lake waziwazi. Mwanamke wa pembeni akauliza la kwake. Mwingine akataka kujua kama mtu akitibiwa leo anaweza kuendelea kesho, nikamwambia asubiri mpaka amalize dawa na mwenzake pia awe ametibiwa, la sivyo watapeana ugonjwa kwa zamu mpaka wazeeke. Sijawahi kutoa somo zuri namna ile.

Nyuma ya mlango wa chumba cha sindano tukasikia: "Legeza! Nimesema legeza! Mwanaume mzima, umekaza kama ubao!"

"Huyo wangu," akasema Mama Dobi kwa fahari.

Nikakusanya vitu vyangu, nimefurahi kupita kiasi, nikaenda kunawa mikono. Nilimuona Sista akitoka kuelekea kwenye meza ya dawa. Alikuwa ananionyesha dole gumba. Mchora Mabango amepimwa, amechomwa, anavaa. Kazi yangu imekwisha.

Nikarudi ukumbini. Na pale benchini, kwenye nafasi ya karibu na Mama Dobi, alikuwa amekaa msusi.

Hakuwa amekuja mchana. Baadaye nilijua kwamba mteja wake wa asubuhi alikuwa ameahirisha, akaona awahi. Alishajiandikisha kwenye dirisha la mapokezi, na Sista alishaanza kuchanganya dawa yake. Alikaa na aproni yake pana, akimsikiliza Mama Dobi kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mama yeyote mwenye maneno mengi.

"...mimi nimemsindikiza mwanangu na mchumba wake, wanapima kabla ya ndoa," Mama Dobi alikuwa anasema. "Mwanangu ni fundi wa mabango. Lile bango kubwa la viatu, pale kwenye mzunguko, ni mkono wake. Na mchumba wake ndiye yule. Yule pale, mwenye haya."

Akaninyooshea kidole.

Msusi akageuza uso taratibu. Macho yetu yakakutana.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisimama, akaweka mkoba begani, akatembea kuelekea nje.

Nikakimbia nyuma yake mpaka getini.

"Sindano yako!" nikasema. "Dawa imeshachanganywa. Haisubiri, inaganda!"

"Mchome mchumba wako."

"Siyo mchumba wangu."

"Ni nani, basi?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Huyu ndiye aliyenipa jina la yule mwanaume, lakini kwamba yule amekuja, amekutwa na nini, amefanywa nini, hiyo sasa ilikuwa siri yake yeye. Nilikuwa nimemwambia kwa kinywa changu, atakayelia atalia.

"Umeona?" msusi akasema. "Nilikupa jina, ukamchukua na mwenye jina. Na mimi niliyekufungulia moyo! Sirudi hapa. Kuna zahanati nyingine."

"Nenda zahanati nyingine, sawa, hata usiniangalie tena maishani. Lakini sindano ichomwe leo. Tafadhali, dada. Si kwa ajili yangu."

Akashika komeo la geti. Hakulifungua. Hakuliachia pia.

"Mkwe! Unakimbilia wapi?" Mama Dobi alikuwa anakuja, nguo ya sherehe ameishika kwa mkono mmoja. Na nyuma yake, akichechemea kama jogoo aliyekanyagwa, akaja Mchora Mabango.

Akamuona msusi.

Nimewahi kuona watu wakifurahi na nimewahi kuona watu wakiogopa. Sikuwahi kuona mtu akifanya yote mawili kwa uso mmoja.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Hongera ya uchumba."

"Hakuna uchumba." Akanitazama mimi, kisha mama yake, akameza mate. Nilimuona akitafuta uongo mwingine, akauacha. Akamsogelea msusi na kushusha sauti, lakini mimi nilikuwa karibu, nilisikia. "Huyu dada alikuja nyumbani kuniita nitibiwe. Hakuniambia nani kanitaja, nilimbembeleza hakusema. Nimechomwa mbili. Kiti sitakitaka wiki nzima. Naona unatibiwa na wewe?"

Msusi akaivuta aproni yake mbele.

"Sikuulizi kitu," kijana akasema. "Na wewe usiniulize. Nani alianza, wapi, lini, tuyaache hapo hapo getini. Mimi nilikuwa nakuja kugonga mlango wako leo hii."

"Kwa hiyo," Mama Dobi akaingilia, "huyu siyo mchumba wako."

Kijana akainamisha kichwa. "Siyo, mama. Nisamehe. Nilikudanganya."

"Najua."

Tukageuka wote watatu.

"Mnanitazama nini? Nilijua tangu jana pale mlangoni." Akanishika shavu. "Mtu anayekuja mara tatu nyumbani kwangu hauzi kitu, haombi kitu, ni mtu wa dini au mtu wa hospitali. Na hukunihubiria."

"Mama! Sasa mbona uliniita mkwe?" Sauti yangu ilitoka kama ya paka.

"Ningekuitaje? Huyu mwanangu hajawahi kukanyaga hospitali kwa miguu yake. Akiumwa anameza vitu vya sokoni. Nikasema, kama huyu binti ana jambo naye, nikimfukuza litaishia mlangoni. Nikikuita mkwe, atakosa pa kutokea." Akajifuta jasho. "Sikuulizi anaumwa nini, wala sitauliza. Ni mkubwa. Ila vigelegele vilikuwa vya kweli, maana nilitamani kidogo."



Mama Dobi akamgeukia msusi. Akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, bila haraka, kama anavyokagua nguo kabla ya kuipokea.

"Na wewe, binti, ndiye?"

Msusi akageuka. Alinitazama mimi.

"Ile habari yangu," akasema. "Bado unayo?"

"Bado ninayo."

"Hukumwambia hata huyu mama aliyekubeba hivi?"

"Hata yeye."

"Hata huyu?"

"Hata huyu."

Akashusha pumzi iliyotoka mbali. Akaachia komeo. Akaanza kurudi ndani, hatua zake ndogo ndogo, na sisi watatu nyuma yake, mmoja anachechemea. Ukumbi mzima ulitupisha. Kijana wa kofia hata akasimama.

Mlangoni pa chumba cha sindano, Sista alikuwa na dawa mkononi na hasira usoni. Akatuona tulivyo, hasira ikamtoka. Akarudi nyuma hatua moja.

Msusi akafungua kifungo cha juu cha aproni. Akamtazama Mchora Mabango.

"Wewe, ingia. Wewe peke yako. Kuna jambo nataka ulisikie kwangu, na nataka unishike mkono nikichomwa."

"Nikuone ukichomwa?" Rangi ilimtoka usoni, ikabaki ile ya bluu tu. Lakini akaingia.

Mlango ukafungwa.

Mimi na Mama Dobi tukabaki ukumbini. Nitasema ukweli: tuliweka masikio mlangoni, bila aibu yoyote, muuguzi na dobi, mbele ya wagonjwa wote.

Tukasikia Sista akisema, tulia hivyo hivyo, tayari, imekwisha. Nikafumba macho kwa shukrani. Sindano imeingia.

Kisha tukasikia sauti ya msusi, ya chini, maneno machache tu.



Kisha kishindo, kama gunia la nguo mbichi limetupwa sakafuni, na trei ya vyuma ikafuata. "Mwanaume mzima!" Sista akapaza sauti. Msusi akatoa sauti ndefu ambayo sikujua niiweke wapi.

Mama Dobi akanikamata mkono, ule ule wa siku zote.

"Mkwe," akanong'ona, kwa mazoea, "huyo anacheka au analia?"